Barua ya wazi kwa mafundi wa kompyuta: rudisheni sasisho kabla ya kupiga Windows

Ndugu mafundi,

Ninawaandikia ninyi wa vibanda vya Kariakoo, wa vyumba vya ghorofani pale Luthuli Avenue mjini Nairobi, na ninyi wa miji midogo ambao meza yenu moja imebanwa kati ya duka la simu na wakala wa pesa. Ombi langu ni moja, nami ninalitanguliza ili fundi mwenye mteja mlangoni asilazimike kusoma mpaka mwisho. Laptopu inapoletwa kwenu imeharibika baada ya kusasishwa, lirudisheni nyuma sasisho hilo kwanza. Kufomati kuwe jambo la mwisho, na kusifanyike kabla mwenye mashine hajaelezwa atapoteza nini na kukubali kwa kinywa chake.

Nina steshenari karibu na chuo. Ninachapa, ninatoa kopi, ninabaindi tasnifu. Kwa kazi hii ninawaona wateja wenu wakishatoka mikononi mwenu. Wanakuja na laptopu inayowaka haraka, skrini ina ile picha mpya inayokuja na Windows, na folda ya nyaraka haina kitu. Wanauliza kama nimebaki na nakala ya sura ya tatu waliyonipa kuchapa muhula uliopita. Sina. Kazi za wateja huzifuta zikishachapwa, kwa kuwa ni siri zao. Basi tunabaki tunatazamana, nami najua kwamba mashine ile haikuwa na virusi, diski yake haikufa, na kazi ya mwaka mzima imepotea wakati wa matengenezo.

Najua kwa nini njia hiyo inachaguliwa. Kupiga Windows ni kazi ambayo mwanzo na mwisho wake unajulikana: flashi ipo tayari, saa moja hivi inapita, mashine inawaka, mteja anaona kwa macho yake alicholipia. Kutafuta chanzo kunaweza kula asubuhi nzima bila uhakika wa kufika popote, huku kodi ya fremu inasubiri na foleni inarefuka. Tena mara nyingi mteja mwenyewe ndiye anayetangulia kusema, "Fundi, nipigie Windows," kwa sababu hayo ndiyo matengenezo pekee anayoyajua kwa jina. Wengi wenu mmejifunza kazi hii bila darasa, kwa kukaa pembeni ya fundi mkubwa na kushika bisibisi, na kompyuta za nusu ya mji zinaishi kwa sababu yenu. Siwaandikii kuwadharau. Ninawaandikia kwa sababu ninyi ndio watu wa mwisho kuishika mashine ile ikiwa bado na mafaili ya mwenyewe ndani.

Windows hupokea masasisho ya aina mbili, na kila aina ina njia yake ya kurudi. Yapo madogo ya kila mwezi, ambayo Microsoft wamezoea kuyatoa Jumanne ya pili ya mwezi tangu mwaka 2003. Kwa saa za Afrika Mashariki yanafunguliwa saa mbili au saa tatu usiku, ikitegemea msimu wa saa kule Marekani. Ndiyo maana Jumatano na Alhamisi zinazofuata zinawaletea mashine zilizokuwa nzima juzi. Fundi aliyeiweka tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani anakuwa na nusu ya jibu kabla hajafungua kifuniko. Nusu nyingine anayo mteja, akiulizwa vizuri: ilikuwa nzima mara ya mwisho lini, na iliandika nini ilipokuwa inazima? Watu wengi wanakumbuka yale maneno ya kuwaambia wasubiri na wasizime, ile asilimia iliyokwama, ule umeme uliokatika katikati. Hawayasemi kwa sababu hawajui kama yana maana.

Aina ya pili ni sasisho kubwa, yaani toleo jipya zima, ambalo siku hizi huja karibu mara moja kwa mwaka. Sasisho la mwezi linabadilisha baadhi ya mafaili ya mfumo na kuyahifadhi yale ya zamani kwa muda. Toleo jipya linaihamisha Windows yote ya zamani kwenye folda iitwayo Windows.old, ikakaa humo nzima. Katika hali ya kawaida nyaraka, picha na hesabu za mwenye mashine haziguswi na aina yoyote kati ya hizo mbili. Kwa hiyo mashine isiyowaka baada ya kusasishwa, mara nyingi sana, ina kila kitu cha mteja mahali pake, na pia ina kile kinachohitajika ili irudi ilikotoka.

Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo hasara nyingi zinapotokea bila mtu kuziona.

Folda ya Windows.old ina muda wa kuishi. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mtumiaji alipewa takriban mwezi mmoja wa kubadili mawazo na kurudi kwenye mfumo wa zamani. Mwezi Agosti 2016 Microsoft wakaupunguza muda huo hadi siku 10, na siku 10 ndizo zinazotumika hadi leo katika Windows 11. Zikipita, mfumo unaifuta folda hiyo ili kupata nafasi, na kile kitufe cha kurudi nyuma kinapotea. Sasa fikirini safari ya laptopu ya mwalimu wa sekondari aliyeko kijijini. Imeanza kusumbua baada ya toleo jipya: sauti hakuna, printa haionekani, inazima ovyo. Anavumilia wiki moja akisubiri mshahara. Anaituma mjini kwa basi. Inafika kwenu, inawekwa kwenye rafu chini ya mashine nyingine, inasubiri zamu yake. Ikifika mezani, siku zimekwisha, na fundi akiangalia anaona kweli kwamba hakuna njia ya kurudi. Njia ilikuwepo ilipopokelewa.

Dawa yake inachukua muda mfupi. Kama mashine bado inawaka, ifungueni siku ileile ilipoletwa, ingieni kwenye dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, na mwandike DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60. Amri hiyo inaurefusha muda hadi siku 60, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Baada ya hapo mashine inaweza kusubiri rafuni. Hata mkipokea kwa simu tu, mwambieni mteja aliyeko mbali asiiguse folda ya Windows.old na asibonyeze kitu chochote kinachojiita usafishaji wa diski.

Kusafisha diski nako ni jambo la kwenu. Mashine nyingi zinazouzwa kwetu zina diski ndogo, na fundi mwema akiona nafasi imejaa baada ya toleo jipya anafanya usafi kama huduma ya ziada, hata bila kutoza. Ndani ya orodha ya vitu vya kufuta kuna usakinishaji wa zamani wa Windows, wenye gigabaiti nyingi, unaoshawishi kweli kuutia alama. Ukishafutwa, mteja hana pa kurudi. Tafadhali ulizeni kwanza: tangu toleo hili liingie, kuna kitu kimeacha kufanya kazi?

Mashine isiyofika hata kwenye dirisha la kuingilia isiwatishe. Ikishindwa kuwaka, au ikizimwa kwa nguvu wakati inawaka, mara mbili tatu mfululizo, Windows huingia yenyewe kwenye mazingira ya uokozi. Humo, chini ya Troubleshoot na kisha Advanced options, kuna mahali palipoandikwa Uninstall Updates, penye uchaguzi wa kuondoa sasisho la mwezi au toleo kubwa la mwisho. Fundi anayeanza na lile la mwezi, akajaribu kuwasha, kisha akarudi kwa lile kubwa ikiwa bado, hajagusa faili hata moja la mteja. Tofauti kati ya hayo mawili ni ya kuzingatia: kuliondoa toleo kubwa kunaweza kuondoa programu na mipangilio iliyoongezwa baada ya toleo hilo kuingia, hivyo mwenye mashine aambiwe mapema.

Ikiwa sehemu hiyo inagoma, bado kuna dirisha la amri palepale kwenye uokozi. Wengi wenu mnalijua, ila kuna mambo mawili yanayowakatisha tamaa mafundi wazuri. Kwanza, ndani ya uokozi herufi za diski hubadilika. Windows mnayoijua kama C huweza kuonekana kama D au E, na amri iliyoelekezwa kwenye C inajibu kwamba hakuna mfumo hapo. Tazameni kwanza ni herufi ipi yenye folda za Windows na Users, ndipo mwandike dism /image:D:\ /get-packages kuona orodha ya vifurushi na tarehe zake, kisha /remove-package kwa kile kilichoingia siku mashine ilipoharibika. Pili, tangu Microsoft walipoanza kuunganisha sasisho la mwezi na kile kifurushi kinachosimamia usasishaji wenyewe, ile amri ya zamani ya wusa yenye /uninstall hukataa kuondoa kifurushi kilichounganishwa. Ikikataa msidhani kwamba sasisho limeganda milele. DISM inaliondoa. Na kwa zile mashine zinazozunguka bila mwisho zikidai zinatengua mabadiliko, kuna dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions, iliyotengenezwa kwa ajili ya mfumo usiowaka.

Kabla ya yote hayo, toeni mafaili. Katika dirisha lilelile la amri andikeni notepad. Inafunguka programu ndogo ya kuandikia, na mkibonyeza File kisha Open, mkachagua kuonyesha mafaili ya aina zote, mnaziona folda zote za mteja na mnaweza kuzinakili kwenda kwenye flashi au diski ya nje, kwa kubonyeza kitufe cha kulia tu. Fundi mwenye flashi ya Linux inayowaka bila kusakinishwa anafanya kazi hiyo kwa raha zaidi. Sijui huduma nyingine yenye thamani kama hii mnayoweza kumpa mtu, na haihitaji kifaa chochote ambacho hamna.

Yapo pia matatizo yanayoitwa ya sasisho wakati ni ya draiva moja. Sauti imekufa, Wi-Fi imepotea, kamera ni nyeusi. Mwaka 2018 Windows Update ilisambaza kimakosa draiva ya sauti ya Intel, na watu wakabaki na mashine bubu ambazo hazikuwa na ubovu mwingine wowote. Device Manager ina kitufe cha kuirudisha draiva iliyotangulia. Kumfomatia mtu mashine kwa ajili ya sauti ni kumdhulumu.

Sitaki mtu aseme kwamba ninawatwika mafundi mzigo wa kampuni kubwa. Masasisho mabovu yanatoka kwa walioyatengeneza, na kumbukumbu zipo. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft walitoa toleo la Windows 10 lililofahamika kwa namba 1809. Baadhi ya waliolipokea wakakuta folda zao za nyaraka na picha zimefutwa. Chanzo kilikuwa namna toleo hilo lilivyoshughulikia folda zilizokuwa zimeelekezwa mahali pengine: lilizifuta zile za awali likidhani ni tupu au hazitumiki, kumbe zilikuwa na vitu. Watumiaji wa majaribio walikuwa wamekwisha kuripoti upotevu huo kabla ya kutolewa. Tarehe 6 Oktoba usambazaji ukasimamishwa, na haukurudi mpaka tarehe 13 Novemba. Jambo ambalo nataka fundi alichukue hapo ni ushauri ambao Microsoft waliwapa walioathirika: wasiitumie sana mashine hiyo, wawasiliane na huduma kwa wateja. Faili lililofutwa bado huwa kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Sasa Windows mpya inaandika gigabaiti nyingi juu ya diski hiyohiyo. Mteja ambaye sasisho limemfutia, akipigiwa Windows upya, anafutiwa mara ya pili, na mara hii hakuna programu ya kuokoa itakayomsaidia.

Machi 2021 ilikuwa zamu yetu sisi wenye steshenari. Sasisho la mwezi lililotoka tarehe 9 lilisababisha skrini ya bluu pale mtu alipobonyeza kuchapa kwenye baadhi ya printa, zikiwemo za Kyocera na Ricoh, ambazo maduka mengi ya kopi yanazitumia. Marekebisho yalianza kutoka tarehe 15 ya mwezi huohuo. Kati ya tarehe hizo mbili, mtu aliyeondoa kifurushi cha KB5000802 aliendelea na kazi yake. Aliyefomati aliipata mashine ikiwa safi, akaiunganisha kwenye intaneti, na Windows ikashusha tena kifurushi kilekile, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kipya. Hilo ndilo jambo linaloniuma zaidi kuhusu mazoea yetu: ubovu wa sasisho hautibiwi kwa kufomati. Mfumo mpya unalifuata sasisho lilelile. Mteja anarudi kwenu baada ya siku chache na tatizo lilelile, bila mafaili, na safari hii anawalaumu ninyi.

Mfano mwingine ni wa juzi tu. Tarehe 14 Oktoba 2025, siku ileile Windows 10 ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa, lilitoka sasisho la Windows 11 lenye namba KB5066835. Ndani ya Windows kibodi na mausi za USB zilifanya kazi kama kawaida, lakini ndani ya mazingira ya uokozi zilikufa. Yaani njia ileile ya kurudishia sasisho ilifungwa na sasisho. Marekebisho ya dharura yalitoka tarehe 20 Oktoba. Fundi aliyeingia kwenye uokozi katika siku hizo, akabonyeza kibodi ya USB bila kujibiwa, angeweza kuapa kwamba bodi imeungua. Kwa hiyo kufuatilia kinachoripotiwa kuhusu sasisho la mwezi ni sehemu ya ufundi sawa na kujua kupima chaji. Microsoft wana ukurasa wa matatizo yanayojulikana kwa kila toleo. Fundi mmoja katika kundi lenu la WhatsApp akiusoma kila Jumatano ya baada ya masasisho na kuwaeleza wenzake kwa Kiswahili, mji mzima unafaidika. Tena wakati mwingine hamtahitaji kufanya lolote: Microsoft wana utaratibu wa kuzima kwa mbali kipande kibovu cha sasisho bila kuliondoa lote, na mashine ikiunganishwa kwenye intaneti na kuwashwa upya inapona yenyewe, ingawa huweza kuchukua siku nzima.

Nimesema nawaona wateja wenu wakitoka kwenu. Mmoja wao alikuwa mtunza hesabu wa kikundi cha VICOBA cha kina mama wa mtaani kwetu. Hisa za kila mwanachama, mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii, vyote alivitunza kwenye laptopu ya mwanawe, maana daftari lilikuwa limejaa na mwaka ulikuwa unaelekea ukingoni, wakati wa kuvunja na kugawana. Mashine ikasasishwa usiku, asubuhi ikawa inazunguka tu. Alipoipeleka kutengenezwa hakuulizwa ndani kuna nini. Alirudishiwa jioni ikiwa nzuri kabisa. Kina mama wale walilazimika kukaa vikao vingi wakijaribu kukumbuka nani aliweka hisa ngapi wiki gani, na kukumbuka huko kulizaa maneno ambayo hayakuisha pale pale. Watu waliokuwa wakiaminiana kwa miaka walianza kutazamana kwa shaka. Mtunza hesabu, ambaye hakuchukua hata shilingi, ndiye aliyeathirika zaidi. Fundi hakufanya hila yoyote. Aliona mashine isiyowaka, akaiwasha. Hakuna aliyemfundisha kwamba ndani yake mlikuwa na heshima ya mtu.

Kuna neno moja la tahadhari ambalo ni lazima niliseme, kwa sababu baadhi yenu mkichoshwa na masasisho mnaenda upande wa pili. Mnamzimia mteja usasishaji moja kwa moja, mnamwambia sasa hutasumbuliwa tena na bando lako halitaliwa. Kuhusu bando mna hoja: laptopu inayopata intaneti kwa Wi-Fi ya simu huihesabu kama Wi-Fi ya kawaida isiyo na kikomo, na inaweza kumaliza bando la wiki usiku mmoja. Suluhisho lake ni kuiambia Windows kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo. Kuzima usasishaji milele ni jambo lingine. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu fulani la Windows. Tarehe 12 Mei, miezi miwili baadaye, virusi vya WannaCry vilipita kwenye tundu hilohilo na kufunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150, kwa hesabu za Europol, zikiwemo za hospitali za Uingereza ambazo zililazimika kuahirisha matibabu ya watu. Waliokuwa wamesasisha walisalimika. Kwa hiyo ondoeni sasisho bovu, simamisheni mengine kwa muda, kisha yaacheni yaendelee. Windows inaruhusu kusimamisha hadi siku 35, na kama yaliyotokea Machi 2021 na Oktoba 2025 ni kipimo, marekebisho hupatikana mapema kuliko hapo.

Lipo pia suala la usimbaji wa diski, nalo linakuja kwenu kwa kasi. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 zinaifunga diski zenyewe mara tu mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila yeye kujua. Siku sasisho likivuruga uwashaji, kama lilivyofanya lile la Julai 2024 kwa baadhi ya mashine, inatokea skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Kuitoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine hakusaidii, haisomeki. Lakini ufunguo kwa kawaida upo, umehifadhiwa kwenye akaunti ya mwenye mashine, na unaonekana hata kwa kutumia simu. Swali la kwanza mbele ya skrini hiyo liwe: uliingia kwa barua pepe gani? Na hapa nina ombi zito. Msiwafungulie wateja akaunti kwa barua pepe ya duka, au kwa anwani iliyobuniwa papo hapo na nywila isiyoandikwa popote, ili tu kuimaliza kazi haraka. Ufunguo wa diski ya mtu unaenda kwenye anwani hiyo. Siku atakapouhitaji, atakuwa hana, nanyi mtakuwa mmekwisha kusahau.

Yako mazingira ambayo kufomati ni sahihi. Mashine imejaa virusi, mfumo ni wa kuchakachua na umeoza, diski inatoa makosa na lazima ibadilishwe, mwenyewe anaiuza. Sibishani na hilo. Ninachoomba ni utaratibu wa kufika hapo, na ninajua utaratibu unagharimu muda, na muda wenu una bei. Basi utozeni. Wekeni ukutani, karibu na bei ya kupiga Windows, bei ya kurudisha sasisho na bei ya kuokoa mafaili, na bei hizo ziwe kubwa zaidi kama kazi ni kubwa zaidi. Mwanafunzi anayebakiza mwezi mmoja kuwasilisha tasnifu atalipa. Kikundi cha kina mama kitachanga. Sisi wateja tumezoea kulipia tunachokiona, na ni juu yenu kutuonyesha kwamba folda iliyobaki salama ni kazi iliyofanyika.

Mkiuza laptopu iliyotumika, iwe ya Dubai au ya Ulaya, washeni kipengele cha System Restore kabla ya kuikabidhi, kwa sababu kwenye mashine nyingi huwa kimezimwa, na mtengeneze alama moja ya kurejea siku hiyohiyo. Mkipokea mashine mbovu, risiti iwe na mstari mmoja wa maandishi: mteja ana mafaili ya kuhifadhiwa, ndiyo au hapana, na sahihi yake pembeni. Na pale mnapolazimika kuibadilisha diski, ile ya zamani mrudishieni mwenyewe, imefungwa kwenye karatasi na jina lake juu, hata kama mnaamini haina kitu. Nitaipokea hapa dukani kwangu ya yeyote anayetaka kunakiliwa kilichomo, na kunakili sitatoza.

Wenu katika kazi,

Mwenye steshenari, Morogoro